Malaria hakuna, basi kunywa amoxi: tuongee vipimo vya haraka vya kifua hapa Tanga

#1 Mgosi wa Maabara (mleta uzi)

Wagosi habari zenu, na dada zetu pia.

Mimi ni mtu wa maabara, zahanati binafsi hapa Ngamiani, naomba nisiitaje. Tangu kusi lianze kuvuma, mafua na vikohozi vimejaa mjini, na dirishani kwangu ombi ni lile lile: "Nipimie bakteria wa kifua." Wengine wanakuja na majibu ya malaria ya kwingine, hasi, wameshaandikiwa amoxi, wanataka tu niwabarikie. Nikiwaambia sina kijiti kama kile cha malaria cha kusema huyu ana bakteria mapafuni na huyu hana, wananitazama kama nawabania. Nimeamua niandike mara moja, niwe natuma linki.

Wakubwa mnakumbuka tulikotoka. Homa yoyote ilikuwa malaria, basi. Kuna utafiti ulifanyika kwenye hospitali 10 za huku kwetu kaskazini mashariki ukachapishwa 2004. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa, waliokuwa na vimelea kweli ni asilimia 46. Waliobaki walikuwa wanaumwa kitu kingine, na si wote waliotibiwa hicho kitu kingine.

Kikaja kijiti, yaani mRDT. Dawa mseto zikaanza kutolewa kwa adabu. Lakini kijiti kikisema hasi, tabibu anabaki na mtu mwenye homa na kikohozi mbele yake, na hana kijiti cha pili. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa tafiti za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Waliokutwa hawana malaria, asilimia 69 walipewa antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoxi. Waliokutwa nayo, asilimia 40. Kubahatisha hatukuacha, tumehamia kabati jingine la dawa.

Na hao wenye homa walikuwa wanaumwa nini? Watoto 1,005 wa Dar na Ifakara walichunguzwa kila upande, majibu yakachapishwa 2014. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa asilimia 62, lakini kati ya hao, wenye nimonia iliyoonekana kwenye eksirei ni asilimia 5 tu. Kwa jumla virusi walionekana kwa watoto 7 kati ya 10, bakteria kwa 2 kati ya 10. Amoxi haimfanyi kirusi chochote.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: vipimo vya haraka vipo, tena zaidi ya kimoja, ila kila kimoja kinajibu swali lake. Sisi tunavinunua vyote kama vinajibu "bakteria au si bakteria", halafu majibu yakitoka tofauti na tulivyotaka, dawa inatolewa hivyo hivyo. Karibuni, ulizeni.

#2 Kahawa Chungu

Nimeshavuta mkeka. Kashata ziko wapi?

#3 Baba Nuru

Mgosi usitufanye watoto. Tanga hii ukiingia maabara hutoki bila UTI au taifodi. Leo mnatuletea na kipimo cha kikohozi? Biashara tu.

#4 Mgosi wa Maabara

Baba Nuru, hapo kwenye taifodi sikubishii hata kidogo. Widal inafanyika ovyo mno, mtu anapimwa mara moja, namba imepanda kidogo, anatangaziwa taifodi na kufungiwa dawa mfuko mzima. Hicho ndicho kinachonitia hofu na vipimo vipya. Kipimo kibaya ni hatari, na kipimo kizuri kilichosomwa vibaya ni hatari vile vile.

Ila sikiliza tofauti. Widal inatafuta askari wa mwili ambao wanaweza kuwepo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani. Kipimo ninachotaka kukizungumzia leo, CRP, kinapima protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapowaka. Maambukizi yakianza, baada ya saa kama 6 inaanza kupanda, inafika kileleni siku ya pili hivi, na moto ukizimika inashuka haraka, nusu yake inaondoka kila baada ya saa 19 hivi. Ni habari ya leo, si ya mwaka jana.

#5 Mama Twins wa Chumbageni

Kaka, hiyo CRP inafanywaje? Wanangu damu wanaiogopa kuliko mbwa.

#6 Mgosi wa Maabara

Kidole tu, dada. Tunafuta kwa spiriti, tunaacha ikauke yenyewe (wengi wanaipuliza kwa mdomo, wanarudisha uchafu), tunatoboa pembeni ya ncha, si katikati kwenye maumivu. Tone la kwanza tunalifuta. La pili linavutwa na kamrija kembamba mpaka kwenye alama, hapana kuzidisha hapana kupunguza, linachanganywa na maji yake, linawekwa kwenye kaseti. Mashine ndogo inasoma, dakika chache unapata namba kwa miligramu katika lita.

Namba ndiyo yenye kazi. Uingereza, kwa mtu mzima mwenye dalili za nimonia ambaye daktari hana uhakika naye, mwongozo wao ulisema hivi: chini ya 20, usimpe antibayotiki, juu ya 100, mpe, katikati, mwandikie lakini asinunue mpaka aone hali inazidi. Huku kwetu kwa watoto, utafiti wa Dar nitakaoutaja baadaye ulitumia 80 kama mpaka.

Tatizo ni kwamba malaria yenyewe inapandisha CRP. Kifua kikuu kinapandisha. Virusi wengine nao, wale wa homa kali na macho mekundu, wanaipeleka juu. Ukipima asubuhi mtoto aliyeanza kuchemka usiku wa manane, namba inaweza kuwa ndogo na ugonjwa ni mkubwa. Ndiyo maana inaanza mRDT, halafu CRP, na yote baada ya mtu kumwangalia mtoto kwa macho yake.

Na jambo moja la kwetu sisi: maboksi mengi ya vijiti hivi yameandikwa yatunzwe kati ya nyuzi 2 na 30. Nyie mnaijua Tanga ya Februari saa nane mchana umeme ukikatika. Mie kipimajoto cha chumba cha stoo nakiangalia kuliko simu.

#7 Dada wa Duka

Niruhusuni niongee mimi niliyeko upande wa pili wa dirisha. Duka la dawa muhimu, Mabawa.

Mnaandika kama vile mgonjwa anaanzia kwa daktari. Anaanzia kwangu. Anakuja na elfu moja mkononi: "Dada, nipe zile za rangi mbili za kifua, za buku." Nikimwambia dozi haikatwi, anasema basi nipe nne, nyingine atakuja jioni. Jioni haji, kwa sababu amepata nafuu, na nafuu angeipata hata kwa maji ya ndimu maana yalikuwa mafua. Sasa moyoni mwake amoxi imemponya. Safari ijayo utamwambia nini akusikie?

Nikimnyima, anavuka barabara. Kule atapewa, na kesho hata panadol ananunua kule. Kodi ya fremu nalipa mimi.

Mimi si maabara, sina mamlaka ya kumtoboa mtu kidole. Nikisema "kapime kwanza", anapiga hesabu: bodaboda ya kwenda, kumuona daktari, kipimo, halafu aambiwe ni virusi, arudi na panadol ile ile ambayo ninayo hapa. Kwake yeye kapoteza pesa. Hakuna mtu anayefurahia kulipia kuambiwa hana kitu. Mgosi wa Maabara hilo umelifikiria?

#8 Kahawa Chungu

Dada wa Duka kaongea.

#9 Mgosi wa Maabara

Nimelifikiria na sina jibu zuri, dada. Ninachokiona kazini ni kwamba mtu akionyeshwa namba anatulia zaidi kuliko akiambiwa kwa mdomo. Mama mmoja nilimwandikia CRP 6 kwenye karatasi, nikamwonyesha na mpaka uliko, akaenda nyumbani bila dawa na karatasi kaikunja vizuri kaweka kwenye kadi ya mtoto. Lakini huyo alikuwa ameshalipa. Yule wa kwako wa buku hafiki kwangu kabisa.

#10 Tabibu wa Kijijini

Nipo zahanati ya serikali, wilaya ya Muheza, sina CRP wala sitegemei kuiona karibuni. Niwakumbushe wanaosoma uzi huu kwamba kipimo cha kwanza cha haraka cha nimonia ya mtoto ni saa yenye mshale wa sekunde.

Mtoto atulie. Asiwe ananyonya, asiwe analia. Fulana juu, uone kifua na tumbo. Hesabu pumzi dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Miezi 2 mpaka 11, ni 50. Mwaka 1 mpaka chini ya 5, ni 40. Ukiona chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, kapata degedege, kalegea, usitafute kipimo, tafuta usafiri. Kile kidude cha kubana kidole nacho kisidharauliwe: oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, huyo ni wa kulazwa.

Udhaifu wa kuhesabu pumzi naujua. Homa peke yake inaharakisha pumzi, pumu pia. Kwa hiyo tunawapa amoxi wengi wasioihitaji ili tusimkose anayeihitaji. CRP ingenisaidia hapo, kwa yule wa katikati. Mwenye hali mbaya simsubirishi kaseti.

#11 Mwana wa Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Huku kwetu tuna kituo cha utafiti cha Ifakara, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa na nyie kule Korogwe. Watoto wetu wametoa damu za kutosha. Kila siku tunasikia "utafiti umeonyesha", lakini ukienda zahanati ni kijiti cha malaria na amoxi. Hiyo CRP imeshajaribiwa Tanzania au tunasimuliwa ya Uingereza?

#12 Mgosi wa Maabara

Imejaribiwa, tena vizuri. Dar, watoto zaidi ya 3,000 wa kliniki za nje, matokeo ya 2017. Tabibu alikuwa na tableti (ile kama simu kubwa, si kidonge) inayomwongoza swali kwa swali, kidude cha oksijeni, na vipimo vya kidole ikiwemo CRP. Waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa kama asilimia 11. Kundi lililofuata mwongozo wa tableti bila vipimo hivyo, asilimia 30. Kwenye huduma ya kawaida ya kliniki, walikuwa zaidi ya 9 katika kila watoto 10. Na watoto wa kundi la vipimo hawakuumwa zaidi kwa kunyimwa: baada ya wiki, ambao hawakupona walikuwa asilimia 2 na kitu, dhidi ya 4 kwa kundi la tableti tupu.

Wakaja Mbeya na Morogoro, vituo 40, matokeo ya 2024. Kwenye vituo vya huduma ya kawaida waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 70, kwenye vituo vyenye tableti na vipimo, 23.

Sasa angalia kilichofanya kazi. Haikuwa CRP peke yake. Tableti ilimwambia tabibu nani apimwe na namba ikitoka afanye nini. Ukimpa tabibu mashine bila utaratibu huo, atampima kila anayekohoa, na namba ikiwa 35 atatoa dawa "kwa tahadhari". Hapo mmeongeza gharama, dawa ni zile zile.

#13 Baba Nuru

Mbona hamtaki kusema kweli? Kwanini kusiwe na kipimo cha bakteria mwenyewe, makohozi yakapimwa tukajua jina lake? Dunia imefika mwezini.

#14 Mgosi wa Maabara

Kuotesha makohozi kupo, ila ni siku 2 au 3, na mgonjwa anataka dawa leo. Tena mwenye makohozi ya maana ni mtu mzima, mtoto anayameza.

Kuna kipimo cha mkojo cha nyumokoka, yule bakteria wa nimonia anayelengwa na chanjo ya PCV tuliyoanza kuwapa watoto 2013. Dakika 15 majibu. Kwa mtu mzima kinasaidia. Kwa mtoto karibu hakina maana, kwa sababu watoto wengi wazima wa afya wanambeba huyo bakteria puani bila kuumwa, na mkojo unatoa mstari. Utamtibu mstari, si mtoto.

Kuna na mashine za PCR zinazosoma vijidudu zaidi ya kumi kwa saa moja hivi. Bei yake usiniulize, na shida ni ile ile: inakuonyesha aliyepo, haikuambii kama ndiye anayemuumiza mgonjwa. Eksirei nayo haitenganishi virusi na bakteria, hata ipigwe na nani.

#15 Mama Twins wa Chumbageni

Na tonsesi? Mmoja wa hawa wangu kila baada ya muda koo linavimba. Bibi yao wa Lushoto anasema ni kimeo, apelekwe akakatwe yaishe.

#16 Tabibu wa Kijijini

Dada nakuomba kwa heshima zote za bibi, kimeo kisikatwe. Nimepokea watoto waliokatwa na kiwembe wakavuja damu mpaka wakawa weupe. Hicho kilimi hakileti kikohozi wala tonsesi. Mwambie bibi daktari amekataza, nilaumiwe mimi.

#17 Mgosi wa Maabara

Nakazia ya Tabibu. Na kwa mtoto, koo ndipo mahali pekee ambapo kijiti cha bakteria kipo kweli kweli, Mama Twins. Kinatafuta streptokoka wa kundi A. Unakandamiza ulimi, pamba ya kijiti unaisugua tonsesi ya kulia, ya kushoto na nyuma ya koo, bila kugusa ulimi wala shavu. Mtoto atataka kutapika. Asipotaka, pengine hujafika. Dakika 5 mpaka 10 majibu tayari. Kikisema chanya, kiamini. Kikisema hasi, kinaweza kumkosa mmoja au wawili katika kila wagonjwa kumi wenye streptokoka kweli.

Usikimbilie lakini. Mtoto mwenye koo pamoja na mafua yanayotiririka, kikohozi na sauti iliyokauka, huyo ni virusi, kijiti hakihitajiki. Anayepimwa ni wa miaka 5 mpaka 15 hivi, homa, tonsesi zina usaha, mitoki ya shingo inauma, na hakohoi.

Kwa nini tuhangaike? Streptokoka asiyetibiwa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na ikijirudia inaharibu vali za moyo. Vijana wa namna hiyo ndio wanaopelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, inazuia. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na streptokoka huyu mpaka leo hajaishinda.

#18 Dada wa Duka

Haya, hicho cha koo nimekielewa kuliko CRP. Hapo mtu atalipa, kwa sababu anapewa jibu la ndiyo au hapana.

#19 Mvuvi wa Sahare

Wakuu samahani naingilia. Mjomba wangu anakohoa mwezi sasa. Kameza dawa za maji za kila rangi. Usiku anatoa jasho shuka linaloa, suruali inamvuka. Mtaani wanasema ni baridi ya bahari. Apimwe CRP?

#20 Mgosi wa Maabara

Hapana mgosi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kukonda: hapo swali ni kifua kikuu, na kipimo chake ni makohozi kwenye GeneXpert. Mashine inasoma vinasaba vya bakteria wa TB na papo hapo inaangalia kama dawa ya rifampisini imeshamshinda, yote chini ya saa 2. Hospitali ya Bombo waende kliniki ya TB. Kipimo na dawa havilipiwi.

Makohozi yatoke kifuani, si mate. Asubuhi, asukutue kwa maji matupu, asimame nje penye hewa mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu halafu akohoe kwa nguvu. Yakiwa mepesi na yana povu, hayo ni mate, arudie.

#21 Mwana wa Bagamoyo

Wale panya wa Morogoro wanaonusa TB si wapo pia?

#22 Mgosi wa Maabara

Wapo, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya mmoja ananusa sampuli 100 kwa dakika 20. Lakini wao wanarudia zilizopita maabara, na wanayemtilia shaka anathibitishwa kwa kipimo kingine. Mjomba asisubiri panya.

#23 Mvuvi wa Sahare

Hataki kwenda. Anasema jana kanunua sipro, ile antibayotiki, amalize hizo kwanza aone.

#24 Tabibu wa Kijijini

Hapo mgosi msicheze. Sipro na ndugu zake zinamgusa bakteria wa TB kidogo. Atapata nafuu ya uongo wiki mbili tatu, kikohozi kitapungua, vipimo vingine vitashindwa kumwona, halafu kitarudi na nguvu. Na hapo kati anawakoholea wote mnaolala naye.

#25 Mgosi wa Maabara

Mpeleke leo leo na hilo boksi la sipro mkononi, aseme ameanza lini. Kama ana watoto chini ya miaka 5 ndani ya nyumba, wataje kliniki, nao watataka kuangaliwa.

#26 Mvuvi wa Sahare

Wapo wawili. Basi tunatoka saa hii, nimeazima bajaji.